Uzi Uliozungushwa Kinyume

Mke mwingine hugundua mambo ya mumewe kwa harufu ya manukato, mwingine kwa unywele kwenye kola. Sindano aliyagundua ya kwake kwa kifungo. Kilikuwa kifungo cha tatu kutoka juu, kwenye koti la kazi la mumewe, na alikiona Alhamisi asubuhi akilitundika koti hilo karibu na dirisha likauke. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Halafu akajibwaga kwenye kiti cha jikoni, wala hakujua kwamba amekalia mkate.

Ni vizuri mjue kazi yake, la sivyo mtamwona mwendawazimu. Alikuwa fundi wa nguo katika karakana moja ya marekebisho: kupunguza suruali, kubadilisha zipu, kushona upya bitana zilizochanika. Sindano lilikuwa jina alilopewa na wenzake kwa ajili ya wembamba wake, na kwa ajili ya ulimi wake pia. Kila mshonaji ana mkono wake, na fundi mzoefu huutambua mkono wa mwenzake kama unavyotambua sauti ya ndugu yako kwenye simu. Ukishona kifungo cha koti, mwishoni unauzungusha uzi chini yake ili kipate shingo, kisha unafunga. Anayetumia mkono wa kulia huuzungusha upande mmoja, na anayetumia wa kushoto huuzungusha upande wa pili.

Uzi huu ulikuwa umezungushwa kinyume. Yeye hakukishona kifungo hicho. Mumewe naye alikuwa mtu wa mkono wa kulia, na tangu wajuane hakuwahi kushona hata soksi. Kwa hiyo kulikuwa na mwanamke mahali fulani, mwenye mkono wa kushoto, aliyekuwa akimshonea mumewe vifungo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Sindano alijiambia kwa sauti. Methali hiyo aliijua tangu utotoni, lakini hakuwahi kuishika mkononi.

Na hata mshonaji mwenyewe hakuwa hodari. Alipitisha uzi mara kumi na nne palipotosha mara nne, kama anafunga mzigo wa safari ndefu. Hilo lilimuuma Sindano kuliko yote. Angalau angempata anayejua kushona!

Mumewe aliitwa Popo kwa sababu riziki yake ilikuwa kuning'inia. Alisafisha madirisha ya majengo marefu, amekaa kwenye kiti cha ubao kilichofungwa kwa kamba, ndoo upande mmoja, mpira wa kukaushia kioo upande mwingine. Hata kupendana kwao kulianzia kwenye kioo. Zamani, nyumbani kwao, Sindano alikuwa akishona ghorofa ya tatu, na siku moja kijana mmoja akateremka mbele ya dirisha lake, akamwona, akasafisha kioo kilekile kwa dakika ishirini. Hawakuweza kusikiana, kwa hiyo kijana akamfundisha ishara za watu wa kamba. Mikono iliyopishana kifuani maana yake simama. Ngumi juu ya kichwa maana yake nivute juu. Na kiganja kilichofunguliwa juu ya kioo maana yake niko salama. Kila alipotaka kushuka ghorofa ya pili, Popo alibandika kiganja chake cha kulia kiooni, naye Sindano alibandika chake upande wa ndani, na wenzake wote wakacheka hadi mashine zikasimama.

Miaka minne iliyopita kampuni ya huku ugenini ilimwajiri Popo. Sindano akaacha kazi yake, akaacha mama yake, akamfuata. Kibali cha kuishi kilikuwa kimoja kwa wote wawili, nacho kilisimama juu ya kazi ya mume. Kazi ikianguka, na kibali kinaanguka. Hilo lilikuwa limeandikwa ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene.

Sasa kwa miezi minne ndoa ilikuwa imeingia baridi. Popo, mtu wa mizaha, aliyekuwa akiingia nyumbani kwa kelele hadi jirani agonge ukuta, alikuwa amenyamaza. Hakula tena na mkewe. Kila siku alikuwa amekula kazini. Kitandani alihamia upande wa pili na kumpa mgongo. Njiani hakumshika tena mkono. Hata saa yake ilikuwa imehama, kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, na Sindano alipouliza akaambiwa ni mtindo tu. Mtindo! Mtu aliyevaa shati moja la sikukuu miaka sita! Sindano alijibu kwa ulimi, Popo akajibu kwa kimya, na wiki tatu za mwisho mazungumzo yao yote yalikuwa: umefunga mlango? Nimefunga.

Kwa hiyo alipokiona kifungo, damu ilimwenda mbio. Hakulia. Alianza msako.

Alitunga barua ya malalamiko kuhusu taa mbovu ya ngazini, akapita mlango hadi mlango kuomba wanawake wa jengo zima watie sahihi. Alimpelekea mwenye duka la kona. Alimpelekea binti wa ghorofa ya juu mwenye kucha ndefu, aliyekuwa mshukiwa wake nambari moja. Wanawake kumi na mmoja walitia sahihi, na wote kumi na mmoja kwa mkono wa kulia. Siku ya tatu taa ilitengenezwa, majirani wakampongeza, na Sindano akarudi ndani kwake amenuna.

Jumanne alimfuata. Popo alitoka kazini mapema, akapita mitaa miwili ya maduka, akaingia kwenye nyumba fupi ya matofali. Sindano alipenya kwenye uchochoro wa ubavuni, akapanda juu ya kreti, akachungulia dirishani. Mwanamke wa viatu vyeupe alikuwa ameketi mbele ya mumewe, magoti kwa magoti, amemshika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa akimkanda kidole kimoja kimoja, polepole, na Popo alikuwa amefumba macho.

Sindano alijivuta juu zaidi, akashika ukingo wa dirisha. Laiti angezunguka hadi mlango wa mbele angesoma kibao kilichokuwa pale, na hadithi yetu ingeishia hapo. Lakini mtu aliyepandwa na hasira hana habari na vibao. Alibaki palepale, akamwona yule mwanamke akichukua kalamu na kuandika kitu kwenye daftari. Aliandika kwa mkono wa kulia.

"Basi wako wawili!" Sindano alinong'ona, na nusura aanguke.

Jumatano asubuhi alipakia begi moja, akalisukuma chini ya kitanda. Dada yake mkubwa aliishi mji mwingine, safari ya saa sita, na basi lilikuwa linaondoka saa nane mchana. Angekwenda karakanani, amalizie koti moja lililobaki, aage, aondoke. Machozi angeyalia ndani ya basi, akiwa amekaa.

Popo alisimama mlangoni kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Leo ni lile jengo la vioo," alisema. "Ghorofa ishirini na mbili. Naanza baada ya chai."

"Basi nenda," Sindano alisema bila kumtazama. "Usiwacheleweshe."

Popo alifungua mdomo, akaufunga, akaenda. Hatua zake zilisikika kwenye ngazi zote mpaka chini, chini ya ile taa mpya.

Karakanani alikuwepo Shangazi. Huyu alikuwa mpiga pasi, mama mtu mzima aliyetoka nchi ileile ya Sindano, na kila mtu alimwita shangazi hata wenyeji waliokuwa hawajui maana yake. Sindano alimweleza yote, kifungo, viatu vyeupe, begi, huku akishona kwa hasira, na sindano haipendi hasira. Ilimwingia kwenye kidole gumba cha kulia hadi nusu.

"Nilijua tu!" Shangazi alisema, akamvuta mkono, akamfunga kitambaa kinene. "Ndoa imekushinda, na kidole nacho umeamua kukiua. Acha hilo koti."

"Mwenyewe anakuja saa tano. Kimebaki kifungo kimoja."

"Basi tumia mkono mwingine. Mungu alikupa miwili akijua una haraka."

Sindano alihamishia sindano mkono wa kushoto. Lo! Ilikuwa kama kumkabidhi mtoto mchanga kwa mlevi. Hakuuamini mkono ule, kwa hiyo alipitisha uzi mara nne, kisha mara sita, kisha akaendelea tu kwa woga. Akauzungusha chini ya kifungo, akafunga, akakata kwa meno. Akakigeuza kifungo akikague.

Uzi ulikuwa umezungushwa kinyume.

Alihesabu mapito. Kumi na tatu. Alikitazama kifungo kile mpaka macho yakamwuma, na humo ndani ya kichwa chake mambo ya miezi minne yakaanza kujipanga upya, moja baada ya jingine, bila kumwuliza. Kile kifungo cha Alhamisi hakikushonwa na mtu wa mkono wa kushoto. Kilishonwa na mtu ambaye mkono wake wa kulia umemshinda. Saa ilihama kwa sababu mtu hawezi kufunga mkanda wa saa kwa mkono usiofanya kazi. Alikula peke yake kwa sababu angekula kwa mkono wa kushoto, mbele ya mke, naye alilelewa na mama aliyemchapa kwa kosa hilo. Alihamia upande wa pili wa kitanda asiulalie mkono. Na yule mwanamke wa viatu vyeupe, alikuwa anakanda mkono gani? Sindano alifumba macho, akarudi juu ya kreti. Ulikuwa wa kulia.

"Shangazi," alisema. "Mume wangu hana mwanamke."

"Mungu ashukuriwe! Sasa unalia nini?"

"Hana mkono!"

Akamweleza kwa maneno matano. Shangazi aliweka pasi chini, akaanza kusema, "Mficha maradhi..." kisha akajiuma ulimi, kwani kila mtu anajua methali hiyo inaishia wapi.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika ishirini. Chai ya watu wa kamba ilikuwa inaisha saa nne na nusu. Sindano alipiga simu ya Popo, ikaita, ikaita, maana simu za wasafishaji hufungiwa kabatini wasije wakaziangusha vichwani mwa watu. Akatafuta namba ya kampuni. Kidole kikasimama juu ya kitufe. Akiwapigia, watamteremsha, ndiyo; na kabla ya jioni watamfuta kazi, na kibali kitakuwa karatasi ya kufungia karanga. Kitu ambacho Popo amekificha miezi minne kwa jasho lake, yeye atakitangaza kwa simu ya dakika moja? Na asipopiga, je, mkono ule ukiachia?

"Kimbia ukamwambie mwenyewe!" Shangazi alimsukuma. "Mimi nitamalizana na mwenye koti. Nenda!"

Mguu niponye! Sindano alitoka na tepu ya kupimia shingoni, pini kifuani na kitambaa chenye damu kidoleni. Mitaa minane ilikuwa kati ya karakana na jengo la vioo. Alipita katikati ya watu waliobeba mifuko, akaruka kamba ya mbwa, akavuka barabara taa ikiwa imekataa na dereva mmoja akamtukana kwa lugha ambayo kwa bahati nzuri hakuijua vizuri. Mtaa wa tano kiatu kimoja kilimtoka. Akakiacha, kisha akaona kukimbia na kiatu kimoja ni kuchechemea, akavua na cha pili.

Jengo lilijitokeza kwenye kona. Aliinua macho. Juu kabisa, kwenye ukuta wa vioo, kulikuwa na kidoa cha rangi ya machungwa. Popo alikuwa ameshaanza. Sindano alihesabu madirisha kutoka juu: ishirini na mbili, ishirini na moja, ishirini. Kidoa kilishuka tena, kikatetemeka, kikasimama. Kumi na saba.

Aliijua kazi ile vizuri kupita alivyopenda. Kamba hupita kwenye chuma, na mkono wa kulia ndio unaoshika mkia wake. Ukiubana, unasimama, ukiulegeza, unashuka. Ukifika dirishani unafunga fundo, na hapo mikono yote miwili iko huru. Hatari iko kati ya fundo na fundo. Kamba ya pili ya kuokolea ipo, lakini mtu mmoja aliyewahi kudakwa nayo alivunjika mbavu tatu na hakurudi kazini.

"Unakwenda wapi, mama?" mlinzi wa mlangoni alimzuia, akiangalia miguu yake mitupu.

Sindano alivuta pumzi. Mkono wake ukagusa tepu shingoni, na uongo ukaja wenyewe, umeshonwa vizuri, hauna hata mkunjo. "Nimeitwa kupima mapazia. Ghorofa ya kumi na saba. Nimechelewa, na bosi wao ni mkali, unamjua?"

"Namjua," mlinzi alisema kwa huruma, akamfungulia lifti.

Lifti ile! Ilisimama ya sita, akaingia mtu na chai. Ilisimama ya kumi na moja, mtu akatoka na chai. Sindano alikuwa akipiga ukuta kwa kiganja. Ilipofunguka ya kumi na saba alikimbia kwenye korido, akafungua mlango wa kwanza, stoo. Wa pili, watu wanane wamekaa kuzunguka meza ndefu, na mtu mmoja amesimama akieleza mchoro. Nyuma ya mtu huyo, nje ya kioo, alikuwa mumewe.

"Samahani sana, ni mapazia," Sindano alisema, akampita mweleza mchoro, akaenda moja kwa moja dirishani.

Popo alikuwa anasafisha kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umechomekwa kwenye mkanda, umelala. Aliposogeza povu pembeni akakutana uso kwa uso na mkewe, mdomo ulibaki wazi. Kilikuwa kioo kimoja tu kati yao, na chini yake ghorofa kumi na saba.

Sindano alinyoosha kidole kwenye kifungo cha tatu cha koti lake. Kisha akainua mkono wake wa kushoto, akashona hewani, akauzungusha uzi usiokuwepo, kinyume. Halafu akaulegeza mkono wa kulia ukaning'inia.

Uso wa Popo ulianguka. Hakuna neno jingine. Miezi minne alikuwa ameubeba uso ule kwa nguvu, na sasa ukamponyoka. Alitikisa kichwa, akaonyesha juu kwenye paa alikokuwa msimamizi. Akachora mstatili kwenye povu, akaupiga kwa ngumi kama anayegonga muhuri. Kibali. Sindano aliupangusa mstatili ule kwa mkono wa nguo yake, kwa nguvu zote, ingawa ulikuwa upande wa nje.

Akapishanisha mikono kifuani. Simama.

Popo akaonyesha chini, akainua vidole vya kushoto. Bado kidogo tu. Namalizia hizi tu. Na kabla Sindano hajagonga kioo, alikuwa ameinama, akalifungua fundo kwa mkono wa kushoto na meno, akaushika mkia wa kamba kwa ule wa kulia.

Vidole havikufunga. Sindano aliona kwa macho yake. Vilikunjwa nusu, kamba ikapita katikati yake kama maji, na Popo akatoweka chini ya dirisha.

Yowe alilopiga Sindano liliwainua watu wote wanane. Alijitupa sakafuni, shavu kwenye kioo. Nusu dirisha chini yake kofia ya chuma ilikuwa inayumba. Popo alikuwa ameidaka kamba kwa mkono wa kushoto na kuizungusha pajani, na ndoo yake ilikuwa inageukageuka kwenye mnyororo wake. Aliinua kichwa. Alikuwa ameogopa, na sasa hakuwa na mkono uliobaki wa kuficha hofu.

Sindano alilala kifudifudi juu ya zulia la watu, akakibandika kiganja cha kulia kiooni, kidole gumba na kitambaa chake. Uko salama?

Wa kushoto ulikuwa na kazi ya kumshikilia roho. Popo aliuinua wa kulia, polepole, kama anayeinua kitu cha mtu mwingine. Ulifika kwenye kioo ukiwa umejikunja. Alijaribu kuufungua, Sindano akamwona anajaribu hadi mishipa ya shingo ikasimama, na ukagusa kioo kwa vifundo tu. Mkono ulioposa dirishani, miaka yote ile, ulikuwa hauwezi kusema niko salama.

Sindano alikunja ngumi, akaiweka juu ya kichwa chake. Nivute juu. Akaibakiza hapo. Alikuwa analia waziwazi, wala hakujali nani anatazama, na mdomo wake ulikuwa unasema kitu ambacho hata asiyejua kusoma midomo angekielewa: tafadhali, mume wangu.

Popo alimtazama. Akainama, akaikamata filimbi iliyoning'inia shingoni mwake kwa meno, akapuliza mara tatu.

Mashine ya paani ikaunguruma, na kofia ikaanza kupanda. Sindano naye akapanda, ghorofa tano kwa ngazi, hatua mbilimbili, huku nyuma yake sauti ya mtu ikiuliza kama mapazia yanapimwa hivyo siku hizi. Alifika paani msimamizi akiwa anamvuta Popo juu ya ukingo kwa mkanda wake.

"Nini? Kamba imekwama?" msimamizi alifoka.

Sindano alikuwa na uongo mwingine tayari, amekwishauanza. Popo akamzuia kwa jicho.

"Kamba haina kosa," alisema. "Ni mkono wangu. Una miezi minne haushiki."

Msimamizi alivua kofia. "Miezi minne uko kwenye kamba zangu na mkono mmoja? Ungekufa mikononi mwangu, ningemwambia nini huyu mama?" Akatukana, akaketi juu ya ndoo, akatukana tena kwa sauti ndogo. Kisha akasema kwamba kuanzia saa ile Popo hagusi kamba, na kwamba mambo ya kibali yangeamuliwa ofisini kesho, yeye hana la kuahidi.

Popo alikaa chini, mgongo ukutani. Sindano akakaa kando yake, miguu mitupu imejaa vumbi.

"Mshipa umebanwa hapa kwenye kifundo," Popo alisema. "Daktari anataka kupasua, halafu nipumzike miezi mitatu. Kuna mama wa mazoezi ya viungo kule kliniki, yeye anakanda tu, anipe muda. Ningekuambia ungenizuia."

"Ningekuzuia kwa mwiko!"

"Basi. Na uliacha kila kitu kunifuata."

"Nilidhani una mwanamke," Sindano alisema.

"Mimi? Mwanamke?"

"Wawili."

Popo alimgeukia, akaona kwamba hatanii, na kicheko kikamtoka, kile cha zamani cha kugongewa ukuta, hadi msimamizi akadhani mtu wake amepata wazimu wa kimo.

Walifika nyumbani saa saba. Sindano alipika wali, akaupakua kwenye sahani moja, akaiweka katikati. Popo aliutazama mkono wake wa kushoto, akasita. Sindano akamwonyesha kidole gumba chake kilichofungwa kitambaa, akanawa mkono wa kushoto, akachota. Nusu ya tonge ilimwangukia gotini.

"Mama yangu angenichapa," Popo alisema, akachota na yeye.

"Angeanza na mimi. Kula."

Walikula hivyo, vibaya, kama watoto, wali ukitapakaa mezani. Saa ya Popo, kwenye mkono wake wa kulia, ilikuwa inakaribia saa nane.

"Lile begi chini ya kitanda," Popo alisema bila kuinua macho. "Nililiona asubuhi."

Sindano aliacha kutafuna. "Uliliona? Na ukaenda kupanda ghorofa ishirini na mbili?"

"Nilitaka kukuambia usiende. Maneno yakakataa. Nikajiambia, kama ataondoka, basi kibali kiwe bado kizima, siku akitaka kurudi."

Sindano aliisogeza sahani pembeni. Aliuchukua ule mkono wa kulia uliolala mezani, akauweka mapajani mwake, akaanza kuukanda kidole kimoja kimoja kama alivyoona kutoka juu ya kreti. Nje, mbali kidogo, basi fulani lilipiga honi.

"Ni dogo lile begi," alisema mwishowe. "Kesho wakitufukuza, halitutoshi wawili. Itabidi tuazime la Shangazi."

Na akachota tonge jingine kwa mkono wa kushoto, akamlisha.